Kirusi Kilipitia Wodi Gani? Jinsi Maabara Zinavyofuatilia Maambukizi Hospitalini

Mgonjwa analazwa kwa kuvunjika mguu. Baada ya siku kumi anaanza kukohoa, na kipimo kinaonyesha ana korona. Wiki hiyo hiyo muuguzi wa wodi jirani naye anaugua. Mara nyingi lawama humwangukia muuguzi kabla ya uchunguzi wowote kufanywa.

Maabara inaweza kusaidia. Kila kirusi cha korona hubeba maelezo ya urithi, yaani jenomu, yenye takriban herufi 30,000. Kinapojizalisha, herufi moja hukosewa hapa na pale, na kosa hilo hurithiwa. Kwa korona, mabadiliko hayo ni kama mawili kwa mwezi. Sampuli za watu wawili waliougua wiki moja zikitofautiana kwa herufi kumi, karibu ni hakika kwamba hawakuambukizana. Huenda muuguzi aliyelaumiwa aliupata ugonjwa nje ya hospitali.

Zikifanana, kazi haijaisha. Kwa kuwa kirusi hubadilika polepole, watu wasiowahi kukutana wanaweza kuwa na jenomu sawa. Hapo wachunguzi hufungua daftari la zamu na kumbukumbu za vitanda: nani alilala wapi, alihamishwa lini, alihudumiwa na nani. Bila daftari lililoandikwa vizuri, mashine ya bei ghali haisaidii sana.

Mfano unaojulikana ni wa Hospitali ya St. Augustine's mjini Durban, Afrika Kusini. Kufikia mwisho wa Aprili 2020, wagonjwa 39 na wafanyakazi 80 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa. Wagonjwa 15 kati ya hao walifariki. Wataalamu walilinganisha jenomu na kumbukumbu za hospitali, wakaona kwamba yaelekea kirusi kiliingia mara moja tu, mapema Machi, kupitia idara ya dharura. Kisha kilienea wodi hadi wodi kadiri wagonjwa walivyohamishwa, kikafika hata kitengo cha kusafisha damu na makao ya wazee.

Nchini Kenya ujuzi huu si mgeni. Maabara ya KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi ilikuwa ikisoma jenomu za RSV, kirusi kinachowaletea watoto wachanga ugonjwa wa kifua, miaka kadhaa kabla ya korona. Mwaka 2020 ujuzi huo ulielekezwa kwa korona.

Wapo wanaohofia kwamba sampuli ya pua itatumiwa kuchunguza ukoo wao. Katika kazi hii kinachosomwa ni jenomu ya kirusi, si ya mgonjwa, na mkazi ana haki ya kuuliza sampuli yake inapelekwa wapi.

Wahudumu wakiuliza dalili zilianza siku gani na nani alikuja kumjulia hali mgonjwa, familia ijibu kwa ukweli, hata kama aliyekuja alikuwa na mafua. Majibu hayo ndiyo yanayowekwa kando ya matokeo ya maabara ili kuamua wodi ipi ifungwe na ipi iendelee kupokea wagonjwa.