Ufunguo wa siri ya mgonjwa usiachwe mezani

Tuseme mama mmoja mkazi wa Bungoma amekwenda Kitale kumtembelea dadake. Akiwa huko anashikwa na kikohozi kisichokoma, anaingia kliniki, anapimwa kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Daktari wake wa siku zote yuko Bungoma, naye ndiye anayetakiwa kupata matokeo.

Zamani mama huyu angepewa bahasha na kupanda matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Siku hizi karani wa maabara hubonyeza tarakilishi mara moja na matokeo yakafika kwa barua pepe kabla mama hajafunga mkoba wake.

Wepesi huo ni jambo jema, lakini una hatari yake. Barua pepe ya kawaida husomwa na yeyote atakayefika kwenye sanduku inamokaa: aliyeiba nywila, fundi anayesimamia mitambo, au jamaa aliyekuta tarakilishi imeachwa wazi. Katika mji ambapo watu wanajuana sokoni na kanisani, siri ya namna hiyo ikivuja haizoleki.

Kufuli moja, funguo mbili

Dawa ya tatizo hili ni kusimba barua, yaani kuigeuza maandishi yake yawe fumbo ambalo aliyekusudiwa pekee ndiye anayeweza kulifumbua. Njia hii ilielezwa na wataalamu wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, mwaka wa 1976. Mnamo 1991 Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP, iliyowawezesha watu wa kawaida kusimba barua pepe zao.

Daktari wa Bungoma huwa na funguo mbili. Ufunguo wa wazi humpa kila mtu, na kazi yake ni kufunga tu. Ufunguo wa siri hubaki naye, na huo ndio unaofungua. Maabara ya Kitale hufunga matokeo kwa ufunguo wa wazi wa daktari. Baada ya hapo hata karani aliyeyafunga hawezi kuyafungua ile barua kama hana ufunguo wa siri.

Ni muhimu kutaja kwamba kwa kawaida kichwa cha barua hakisimbwi, wala majina ya mtumaji na mpokeaji. Ukiandika kwenye kichwa jina la mgonjwa na ugonjwa wake, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kadi yenye chipu

Ufunguo wa siri ukiwekwa ndani ya tarakilishi, virusi vya tarakilishi au mwizi anaweza kuunakili. Kwa hivyo wataalamu hushauri uwekwe kwenye kadi yenye chipu. Kadi ya aina hii si ngeni kwako, kwani laini ya simu iliyo mfukoni mwako ni ya jamii hiyo hiyo. Kazi ya kufumbua hufanyika ndani ya kadi yenyewe, na ufunguo hautoki nje.

Kadi hufunguliwa kwa nambari ya siri. Kwa kawaida ukikosea mara tatu hujifunga, kama laini ya simu inavyodai PUK. Kadi nyingi hutoka kiwandani na nambari inayojulikana na kila mtu, kwa mfano 123456. Ibadilishe siku ile ile unapoipokea.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

Kosa la kwanza ni kuiacha kadi ndani ya kisomeo chake mchana kutwa, huku nambari ya siri imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Kadi na itembee na mwenyewe, hata anapokwenda kunywa chai.

Kosa la pili ni wahudumu watano kutumia kadi moja. Siri ikivuja, haitajulikana aliyeivujisha. Kila mmoja awe na yake, na anapohamishwa kadi irudishwe na ufunguo ubatilishwe.

Kosa la tatu ni kutokuwa na nakala. Ufunguo uliozaliwa ndani ya kadi hauwezi kutolewa. Kadi ikipotea au kuharibika, barua zote zilizofungwa kwa ufunguo huo hazitasomeka tena. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, matokeo yasiyosomeka ni tiba inayochelewa. Kwa hivyo ufunguo wa kufumbulia utengenezwe kwenye tarakilishi isiyo na intaneti, nakala yake iwekwe kwenye flashi na kufungiwa sefuni, ndipo uingizwe kwenye kadi. Hati ya kuubatilisha itengenezwe siku hiyo hiyo na kuhifadhiwa pia.

Kosa la nne ni kuupokea ufunguo wa wazi bila kuuhakikisha. Tapeli anaweza kukutumia wake akijiita daktari. Piga simu kwa nambari unayoijua, msomeane alama za utambulisho wa ufunguo ule, mwanzo hadi mwisho.

Muda wa ufunguo ukiisha na ukapata mpya, usiutupe wa zamani. Ndio utakaofungua barua za miaka iliyopita.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa kwa mambo yake ya faragha bila sababu. Mnamo Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, na majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa alama za siri ili yasihusishwe na hali ya wenyewe.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Zikivuja na kumweka mhusika hatarini, aliyezihifadhi hana budi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua.

Wewe mgonjwa ufanye nini?

Uliza matokeo yako yatatumwa kwa njia gani, na nani atayasoma. Usitoe anwani ya barua pepe mnayotumia nyumba nzima. Usiyafungue matokeo kwenye tarakilishi ya saiba. Kliniki ikiwa haina njia ya kusimba, omba bahasha iliyofungwa na uibebe mwenyewe hadi Bungoma. Kuchelewa siku moja kwa matatu ni nafuu kuliko siri iliyokwisha kusambaa.