Nyumba Inavuja? Vidokezo 8 vya Kuhama Bila Kuiacha Kodi Yako

Umelipa kodi ya miezi sita, dalali kala mwezi wake, hata rangi umepaka kwa hela yako. Masika yanaingia Dar es Salaam, na ndoo ya kudekia inahamia sebuleni kukinga maji. Unatamani kuhama, lakini kodi je? Tulia. Njia zipo, na nyingi hazihitaji wakili.

1. Ijue silaha yako
Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu siku unaingia, na aitunze ibaki hivyo muda wote wa upangaji. Hata kama mkataba wenu ni karatasi moja iliyochapwa steshenari. Kwa hiyo akikuambia "si uliikuta hivyo hivyo?", amejichongea mwenyewe! Ila tusidanganyane: rangi iliyofifia au jirani mwenye spika kubwa havitoshi.

2. Piga picha kabla hujapiga kelele
Rekodi video mvua ikinyesha, si kesho yake jua likiwaka. Anza mbali chumba kionekane, kisha sogea kwenye tundu, kwenye ukungu nyuma ya kabati, kwenye shimo la choo lililofurika uani. Mtumie mwenye nyumba WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki, na nakala mtumie dada yako. Simu za mjini zinaibiwa, unajua mwenyewe.

3. Barua fupi, heshima tele
Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunalalamika kwa simu miezi mitatu, halafu hatuna hata mstari mmoja wa kuonyesha. Andika hivi: "Shikamoo Mzee. Paa la chumba cha watoto linavuja tangu tarehe 3 Aprili. Naomba lizibwe kabla ya tarehe 20. Ikishindikana, naomba tukae tuvunje mkataba na nirudishiwe kodi ya miezi minne iliyobaki." Tatizo, tarehe, unachotaka, basi. Chapa nakala mbili, asaini ile yako. Akigoma, peleka nakala ofisi ya serikali ya mtaa waigongee muhuri wa kupokea. Na muda uliompa uendane na tatizo: paa linaweza kusubiri wiki mbili, choo kinachofurika hakisubiri.

4. Mwite bwana afya
Maji taka yanatiririka? Ulizia afisa afya ofisi ya kata yako na umwombe aje akague. Akishaandika kwamba mahali pale ni hatari kwa afya, hayo si malalamiko yako tena, ni maneno ya mtaalamu. Wenye nyumba wengi hulainika hapo hapo.

5. Moto au mafuriko? Una mlango wako
Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine bila uzembe wako (jiko lako la mkaa lisiwe ndilo mtuhumiwa), sheria inasimamisha kodi yote, au sehemu inayolingana na uharibifu, hadi pakalike tena. Miezi 6 ikipita bila matengenezo, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi 1.

6. Usigome kulipa, usihame usiku
Najua inatamanisha. Lakini ukikaa kodi imeisha na hulipi, kesi inageuka: mdaiwa ni wewe. Badala yake, jadili. Akurudishie kodi kwa awamu mbili. Au utengeneze wewe, risiti zikatwe kwenye kodi. Au mpangaji mpya akilipa, wewe upewe chako. Lolote mtakaloafikiana liandikwe. Na huyo mgeni mwambie ukweli kuhusu lile paa, jamani.

7. Panda ngazi, usiruke
Anza kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Mambo mengi huishia kwenye lile benchi la ofisini kwake. Ikigoma, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hili halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua. Barua inakutisha? Watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni bure.

8. Kabidhi funguo mbele ya shahidi
Fagia, piga picha kila chumba, andika uniti zilizobaki kwenye LUKU. Pigeni hesabu palepale, na usisahau kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi ukinunua umeme: hiyo ni ya mwenye jengo, idai. Funguo mpe akishasaini kwamba amezipokea na ataje kiasi anachokurudishia na tarehe.

Halafu hiyo nyumba mpya unayoitafuta, mwambie dalali akupeleke kuiona siku mvua inanyesha. Akisema ana udhuru, tafuta dalali mwingine.