Kutendua si kusafisha: sarufi yetu na viendeshaji vya Linux

Ukifasiri maandishi ya ufundi wa kompyuta kutoka Kifaransa au Kiingereza, utafika mapema mahali panapoelezwa jinsi mfumo unavyojiondolea mabaki ya kifaa kilichochomolewa. Wengi wetu huandika "kusafisha", kwa sababu kamusi inasema hivyo, kisha tunaendelea. Hapa nataka kuonyesha kwamba kitenzi hicho kinapotosha, na kwamba Kiswahili kina kingine kilicho bora katika mnyambuliko wake.

Tuanze na kazi yenyewe. Kiendeshaji (tusikichanganye na kiendeshi, neno ambalo wengi hulitumia kwa diski) ni programu inayokiwezesha kiini cha mfumo kuzungumza na kifaa fulani: flashi, printa, kadi ya sauti. Kifaa kikichomekwa, kiendeshaji huomba vitu kwa kiini: sehemu ya kumbukumbu, anwani za kukifikia kifaa, na haki ya kuitwa kila kifaa kinapotoa ishara. Hizo ndizo rasilimali, nazo zote ni za mkopo. Kifaa kikichomolewa, au ombi la tatu likikataliwa baada ya mawili kukubaliwa, kilichokopwa lazima kirudi. Kisiporudi, kumbukumbu hupungua kidogokidogo mpaka mashine iwashwe upya. Hakuna uchafu hapo, kuna deni.

Tena deni hilo lina utaratibu. Anayepakia baliniere hapa Kindu kwenda Ubundu anajua kwamba gunia lililoingia mwisho ndilo litakalotoka kwanza. Kwa kiendeshaji ni hivyo hivyo, ila kosa ni baya zaidi. Kikirudisha kumbukumbu kabla ya kuifunga njia ya ishara, ishara inaweza kufika katikati, na kiendeshaji kikaandika mahali ambapo sasa ni mali ya programu nyingine. Mashine nzima inaweza kukwama.

Sasa tazama kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, tega, tegua, choma, chomoa. Kiambishi ni -u-, isipokuwa baada ya irabu o, ambapo huwa -o-. (Si kama kauli ya kutendea, ambamo e na o huenda pamoja: tegea, chomea. Jambo hili huwachanganya wengi kwenye mtihani.) Muhimu zaidi kuliko umbo ni maana. Tendo la kutendua hudai tendo lililotangulia. Huwezi kutegua mtego usiotegwa. Kusafisha hakudai hivyo: sahani safi unaweza kuiosha mara ya pili bila hasara. Lakini kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, ukiirudisha tena, unaharibu hesabu ya kiini, na hilo ni kosa maarufu katika programu za lugha ya C. Mfasiri aliyeandika "safisha" amemruhusu msomaji kufanya jambo ambalo mashine hairuhusu.

Kwa miaka mingi mwandishi wa kiendeshaji alitendua kila kitu kwa mkono wake. Kila ombi lilifuatwa na njia yake ya kurudi nyuma, na njia hizo, kwa kuwa hutumika tu mambo yanapoharibika, ndizo zilizojaribiwa kidogo kuliko zote. Mwaka 2007 Tejun Heo aliingiza katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.21, utaratibu uitwao devres. Kwa mwanafunzi wa lugha una jambo la kupendeza: unafanya kazi kwa kiambishi awali. Ombi la kumbukumbu liitwalo kzalloc likipewa kiambishi devm_ huwa devm_kzalloc, na wajibu wa kurudisha unahama. Kiini huandika mkopo huo katika orodha iliyofungamanishwa na kifaa. Kiendeshaji kikishindwa kuanza, au kikitenganishwa na kifaa chake, kiini huipitia orodha kutoka mwisho kwenda mwanzo na kutendua kila kilichomo.

Tuuiteje utendaji huo wa "kujiendea wenyewe"? Kiambishi -ji- hakifai. Kujifungua kumeshachukuliwa na wodi ya wazazi. Wengine watapenda -uka: kufunguka, kuchomoka. Lakini kauli hiyo humficha mtenda, kana kwamba kamba imelegea yenyewe. Katika devres mtenda yupo, naye ana orodha mkononi. Kwa hiyo mimi ningeandika kwamba rasilimali hufunguliwa, au hutenduliwa, na kiini.

Kazi hii haijafanywa. Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, lakini ulishughulika na maneno anayoyaona mtumiaji kwenye menyu. Katika maelezo ya kiini chenyewe utakuta tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo.

Na atakayeanza asidhani kwamba kumtaja mtenda kunamaliza tatizo, maana kuna swali la wakati pia. Orodha ya devres hufuata uhai wa uhusiano kati ya kiendeshaji na kifaa, wala si uhai wa programu inayokitumia. Chukua kamera iliyochomolewa huku programu ya video ikiwa bado imeifungua. Kiini hurudisha kumbukumbu yote kwa utaratibu sahihi, kumbe programu bado inaishikilia sehemu yake. Hapo devm_kzalloc yenyewe huwa chanzo cha hitilafu, na watunzaji wa kiini wameilalamikia waziwazi. Dawa yake ni kuhesabu wanaoshikilia, na kutendua pale tu wa mwisho anapoachia. Kwa hali hiyo, "ikichomolewa" katika tafsiri yetu halitoshi. Itabidi tuandike "ikishaachiwa na wote".