Dondoo Muhimu: Kwa Mgeni Atafutaye Riziki Dilolo

Mgeni avukaye kutoka Luau ya Angola na kuingia Dilolo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, azma yake ikiwa ni kuendelea hadi migodi ya Kolwezi, yampasa afahamu kwamba ruhusa ya kukaa na ruhusa ya kufanya kazi ni mambo mawili mbalimbali: viza hutolewa na Idara Kuu ya Uhamiaji, ambayo sote twaiita DGM, ilhali kadi ya kazi ya mgeni huombwa na mwajiri mwenyewe kwa tume ya taifa ya ajira za wageni, iliyo chini ya Wizara ya Kazi.

Mwajiri akuambiaye uanze leo, karatasi zitafuata, usimwamini. Maana sheria ya wageni ya tarehe 12 Septemba 1983 ingali na nguvu, na atakayekamatwa kwanza ni wewe.

Malipo ya karatasi hizo yafanywe kwa hati ya serikali, na risiti uihifadhi. Msaada wa sheria uutafute kwa wakili aliyesajiliwa katika chama cha mawakili, wala si kwa wale wasimamao mlangoni pa ofisi na bahasha kwapani.

Waangola waliokimbia vita wajue kuwa hadhi yao ya ukimbizi ilikoma kwa jumla tarehe 30 Juni 2012. Aliyesalia bila hati na aende mapema kuuliza kwa Tume ya Taifa ya Wakimbizi, akichukua kila karatasi ya zamani aliyo nayo, hata iliyochakaa.