Wali wa jana, mlo wa leo

Swali: Wali hubaki karibu kila siku, na wanangu hawataki kiporo. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

Jibu: Dada, usiwapashie, wabadilishie. Kaanga kitunguu, karoti na hoho, tia bizari nyembamba, kisha wali uliolala kwenye friji. Ukishapoa na kukauka, punje zake hazivurugiki, ndiyo maana unakaangika vizuri kuliko wa moto. Kama ulitoka bokoboko (hutokea hata kwa wapishi hodari), uponde, changanya na yai na unga kidogo wa ngano, choma katlesi.

Ila wali uliokesha sufuriani jikoni, mwaga. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha humo sumu isiyovunjika hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Uweke kwenye friji ndani ya saa 2, uliwe kesho yake.