Picha ya Altare Iliyogeuzwa Meza

Msomaji wetu mmoja wa Kipsing, katika Isiolo, ameuliza kwa nini picha za watakatifu katika makanisa ya kale ya Ulaya huonekana zimekwanguliwa nyuso.

Zamani nyuma ya altare palisimamishwa mbao zilizopakwa rangi na dhahabu, au mawe yaliyochongwa, zikionyesha mateso ya Bwana na maisha ya watakatifu. Watu wengi hawakujua kusoma. Picha hizo ndizo zilizokuwa kitabu chao. Yalipoanza Matengenezo ya Kanisa mwaka 1517, wahubiri wengine waliishika ile amri inayokataza kusujudia sanamu, wakataka zote ziondolewe. Martin Luther mwenyewe hakupenda fujo. Mwaka 1522 alirudi Wittenberg akawahubiria watu waache kuvunja. Lakini moto ulikuwa umekwisha kushika nyika.

Mwezi wa Agosti 1566 makundi ya watu yaliingia makanisani katika Uholanzi na Ubelgiji wa leo, wakavunja. Katika kanisa kuu la Utrecht iko kazi ya mawe ya miaka ile, iliyofichika nyuma ya ukuta hata ilipogunduliwa mwaka 1919. Mvunjaji hakuiangusha, alikata nyuso tu. Kwa maoni yangu, mtu asiyedhani kwamba jiwe lina nguvu hana haja ya kulikata macho.

Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa amri. Mwaka 1550 serikali ya Mfalme Edward VI iliagiza altare za mawe ziondolewe, ziwekwe meza za mbao. Sasa, katika kanisa kuu la Norwich palikuwa na ubao wenye picha tano, uliotengenezwa karibu na mwaka 1380, toka kupigwa kwa Bwana mijeledi hata kupaa kwake. Ubao huo ukakatwa msumeno upande wa juu, na kichwa cha Kristo msalabani kikaenda pamoja na kipande hicho. Pembe zikachongwa kupata nafasi ya miguu, picha zikaelekezwa chini, ikawa meza. Watu waliitumia bila kujua kilichomo chini yake, mpaka mwaka 1847. Husimuliwa kwamba mtu aliangusha kalamu, akainama kuiokota, akainua macho.

Nyingine nyingi zilichomwa moto. Hiyo imo katika kanisa lile lile hata leo, nyuma ya altare, kwa kuwa mbao zake zilifaa kazi ya meza.