Dunia Iko Sufuriani: Vidokezo kwa Wazazi wa Kibarani

Mtoto wa miaka minne hana habari na ramani. Mwonyeshe India kwenye karatasi, ataichora masharubu. Mpe sambusa, atauliza nani aliyeikunja hivi. Basi hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha tamaduni za watu, na sisi wa Kibarani hapa Kilifi hatuhitaji kwenda mbali wala kutumia pesa nyingi.

1. Pekua sufuria yako kwanza. Mahindi ya sima, muhogo, pilipili, nanasi, hata korosho tunazojivunia Kilifi nzima, asili yake ni Amerika. Vililetwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Mchele, maembe na mbaazi za kulia mahamri vilitoka upande wa Asia. Chora bahari kwa chaki sakafuni, Afrika huku, Asia kule, Amerika kule mwisho, kisha mtoto arudishe kila punje kwao. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakarudi na ule wa kusi, kwa hiyo mpe leso iwe tanga, apulize mwenyewe. Miaka na majina ya mabaharia ni ya kukusaidia wewe, yeye usimchoshe nayo. Ila usimwambie kwamba sima ndiyo yetu na pizza ndiyo yao. Mtama na wimbi vilitangulia. Mahindi ni mgeni aliyezoeleka.

2. Pika tambi za aina tatu. Hiki ndicho kidokezo nikipendacho kuliko vyote, kwa sababu pakiti moja inatosha. Fungu la kwanza likaange mpaka libadilike rangi, utie tui, sukari, iliki na zabibu, kama tunavyofuturu Ramadhani. La pili lichemshe kwa maji ya chumvi, ulimwagie rojo la nyanya na kitunguu saumu. Hilo ni la Waitaliano wa Malindi, ambao walianza kuzoeleka huku tangu kituo cha kurushia roketi cha San Marco kilipojengwa Ngomeni miaka ya 1960; leo hata wachuuzi wa ufuoni wanabishana bei kwa Kiitaliano. La tatu ni la Wasomali: tambi kwa mchuzi wa nyama, na kando yake ndizi mbivu ya kuliwa pamoja. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia, tambi zikabaki baada ya wenyewe kuondoka.

Watoto wataicheka ile ndizi, halafu watagombania ya pili. Wakiuliza kwa nini huyu anatia sukari na yule chumvi, jibu la kweli ni fupi: ndivyo alivyolelewa. Waulize na wao, je, mtoto wa Kiitaliano angesemaje akionjeshwa tambi zetu za sukari? Swali hilo peke yake litawashughulisha mpaka sahani zioshwe.

3. Wape kazi, si kuonja tu. Wa miaka mitatu achambue mchicha au amenye mbaazi mbichi. Wa miaka mitano akamue tui kwa kifumbu, alowe mpaka kwenye viwiko. Mbuzi ya kukunia nazi ina meno, hiyo isubiri akue, na hata hapo ukae karibu.

4. Sahani ya jirani airudishe mtoto. Pwani hatuirudishi tupu, na hiyo ni bahati kwenu. Kama mama wa Kibajuni amewaletea samaki wa kupaka, mtoto achague mtakachompelekea, aende nacho kwa mikono miwili, abishe hodi, aamkie, aseme ni nini na kimepikwa vipi. Mwalimu mpangaji aliyetoka Kisumu naye asisahauliwe. Mwombe siku moja awafundishe kupika omena. Chakula bila mwenyewe wa kukisimulia kinabaki kuwa mlo tu.

5. Chunga uso wako. Ukifinya pua omena ikikaangwa, umeshafundisha somo, nalo ni baya. Mboga ya mchunga ni chungu, hakuna haja ya kumdanganya mtoto. Mwambie bibi yake kule kwa Wagiriama anaipenda hivyo hivyo, aonje tonge moja, akikataa mwache. Mrudishie wiki ijayo. Watoto wengi huhitaji kuonja kitu mara nyingi kabla ya kukizoea, na kumshikia fimbo hakusaidii.

6. Ukialika watoto wa wenzio, uliza mapema. Nyama imechinjwa na nani? Kuna anayefunga? Kuna asiyekula samaki asiye na magamba, kama Wasabato wengi? Kuna anayevimba akila karanga, korosho au kamba? Ulizeni mbele ya watoto wenu, wasikie kwamba kuuliza ni adabu. Na haya hayana mjadala: korosho na karanga nzima si za walio chini ya miaka mitano, maana zinapalia, asali si ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka, muhogo mchungu hautafunwi mbichi.

7. Jifunzeni majina ya vyakula kwa mikono. Kibarani tuna shule ya viziwi, na wanafunzi wake tunakutana nao njiani kila siku. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa ndani ya Katiba ya 2010, ila watoto wetu wengi hawajui hata ishara ya maji. Tafuta anayeijua, awafundishe chache: maji, samaki, tamu, asante. Nasema utamaduni si kabila tu, na watoto hushika ishara haraka kutushinda sisi.

8. Nendeni kwenye magofu ya Gede siku moja. Matatu ya Malindi inawashusha njia panda. Kati ya vitu vilivyofukuliwa kwenye magofu yale kuna vyombo vya kauri vilivyotoka China, miaka mia kadhaa kabla yetu. Mwache mtoto akisie kililiwa nini humo: wali? samaki? Msimsahihishe upesi. Chakula chenu mle kabla ya kuingia na ndizi mziache nyumbani, kwa sababu kima wa pale wana mikono myepesi na hawaogopi mkoba wa mtu.